Nahodha Asiyeshika Kamba

Kwanza ilisikika kamba. Kri, kri, kri, kama kitanda kikuukuu ambacho mtu mnene anajigeuza juu yake akitafuta usingizi. Zikafuata pumzi za watu wanane, zikiingia na kutoka puani kwa pamoja. Kikafuata kishindo kizito, kama gunia limeangushwa kutoka kwenye lori. Halafu vicheko, kutoka upande wa darasa la ushonaji.

Nilikuwa nimefumba macho. Nahodha mpya wa timu ya kuvuta kamba, siku yake ya kwanza kazini, alikuwa amefumba macho ili aisikilize timu yake kwa moyo. Nilipoyafumbua, vijana wangu wote wanane walikuwa chali kwenye vumbi, soli za viatu zikitazama mbingu. Tulikuwa tumeifunga kamba kwenye nguzo ya goli ili wafanye mazoezi ya kuvuta kitu kisichosogea. Nguzo ilikuwa bado imesimama palepale. Fundo ndilo lililokuwa limefunguka.

"Nani kafunga hili fundo?" aliuliza Nanga, akiwa bado chini.

"Fundo halina neno," nilisema. "Nguzo inateleza."

"Nimeuliza, kafunga nani?"

"Nahodha!" walijibu wote.

Ilikuwa mara ya kwanza timu kutoa sauti moja, nami nikajipongeza kimoyomoyo kwamba umoja umeanza kupatikana.

Nanga halikuwa jina lake, ilikuwa kazi yake. Katika mchezo wetu, mtu wa mwisho kwenye kamba ndiye anayeipitisha chini ya kwapa, ikazunguka mgongoni, ikatokea juu ya bega la pili. Wengine wakichoka, yeye hana ruhusa ya kuchoka. Wengine wakiteleza, uzito wote unamwangukia yeye. Nanga wetu alikuwa na mabega ya kupita mlangoni kiubavuubavu, na maneno yake aliyatoa kwa kijiko cha chai. Mimi, kwa upande wangu, maneno niliyatoa kwa ndoo.

Nilikuwa nimechaguliwa Ijumaa iliyotangulia, ndani ya stoo ya majembe, ambako timu yetu ilikutana kwa sababu vyumba vyote vya maana vilishikwa na watu wa mpira. Msimamizi wetu alikuwa Mwalimu wa Kilimo. Sikumbuki kama aliwahi kuucheza mchezo huo. Alikabidhiwa timu kwa kuwa kamba ilikuwa inakaa stoo kwake. Alisimama kati ya makarai na mabomba ya kumwagilia, akasema:

"Nahodha hatashika kamba. Atasimama pembeni atoe sauti, wenzake wavute kwa kuifuata sauti yake. Sasa, mnamtaka na—"

Hakumaliza. Vidole vyote vilikuwa vimeshanielekea mimi. Hata kidole cha Nanga, mtu ambaye kwake kunyanyua kidole ni mjadala.

Wakati huo nilikuwa mvutaji wa nne. Nafasi yangu ilichukuliwa palepale na mwanafunzi mgeni ambaye baba yake ni mchoma matofali, kijana mwenye viganja kama sepetu. Tulimwita Tofali. Aliruka kwenye nafasi ile kwa furaha iliyonigusa sana. Niliona kwamba nimempa mnyonge nafasi. Nikatoa hotuba ya shukrani. Niliwaambia kwamba sikuutafuta uongozi, uongozi ndio ulionitafuta, na nikaendelea hivyo mpaka kengele ya jioni ilipolia na Mwalimu wa Kilimo akaanza kufunga stoo nami nikiwa ndani.

Nyumbani kwetu sebule ni karakana. Baba hutengeneza majokofu, na siku yoyote ile utakuta matatu yamesimama ukutani, milango wazi, kama wagonjwa wanaosubiri kuangaliwa makoo. Dada yangu mdogo, anayesoma ushonaji shule moja nami, ndiye aliyetangulia na habari.

"Baba, kaka kawa nahodha. Wa kamba."

"Kamba gani?" Sauti ya baba ilitoka ndani ya jokofu.

"Ya kuvuta."

"Inavuta nini?"

"Inavuta watu, baba."

"Inawapeleka wapi?"

Nikamweleza kanuni zote, kwa ishara na kwa mifano, na kwa kutumia waya wa pasi. Baba akatoa kichwa nje, akafikiri huku anafuta mikono.

"Kwa hiyo mnavuta mkirudi nyuma, na anayefika nyuma zaidi ndiye mshindi."

"Ndiyo, baba."

"Basi umepata mchezo wako," akasema, akarudisha kichwa ndani.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. "Mume wangu," akaniita, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "usije ukavunjika mgongo nikakosa wa kunitunza."

"Bibi, mimi sivuti. Mimi naongoza. Natoa sauti."

"Aa, sauti! Hiyo unayo. Ulilia miezi yako ya kwanza yote mpaka majirani wa upande ule wakahama."

Familia yangu hainijui thamani. Hilo nimeshalizoea. Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikaanza kazi.

Niseme wazi kwamba sauti za timu nyingine zilikuwa zinaniudhi. Wanasimama pembeni wanabweka: "Ha! Ha! Ha!" Ni nini hiyo? Hakuna vina, hakuna mizani, hakuna heshima kwa lugha. Mimi niliyejifunza kutunga mwenyewe, bila mwalimu, kwa kuhesabu silabi kwenye vidole, ningekuwaje nahodha wa kubweka? Baada ya yale mazoezi ya nguzo, niliwasomea vijana wangu ubeti. Nilisimama juu ya karai lililopinduliwa.

*Vuteni wangu vijana, kamba iko mikononi,*
*adui wamekazana, tuwabwage mchangani,*
*leo watajulikana, nani wa juu na chini,*
*vuteni tutawashinda, nawaambieni: sasa!*

Vijana wangu wote wakainamisha vichwa. Nilichukulia kuwa ni mshangao wa watu walioguswa.

"Ni nzuri," Tofali alisema mwishowe, kwa uangalifu. "Tunavuta lini?"

"Mwisho wa ubeti. Kwenye 'sasa'."

"Na wao watatusubiri?"

"Akina nani?"

"Wapinzani."

Nikamwambia kwamba mshairi hakatizwi. Nanga alinitazama kwa muda, akafungua mdomo, akaufunga. Kijiko cha chai kilikuwa kitupu siku hiyo.

Mechi yetu ya kwanza ilikuwa nyumbani, dhidi ya shule iliyo ng'ambo ya reli. Mtoa sauti wao alikuwa msichana mfupi, mwenye sweta lililochakaa viwiko, ambaye hata begani hakunifika. Hakusimama. Alichuchumaa karibu na mstari wa chokaa, viganja magotini, kama mtu aliyeangusha sindano. Nilimhurumia. Mimi nilikuwa nimepiga pasi hata kaptura ya mazoezi, na kitambaa cha unahodha nimekifunga mkononi kwa fundo ambalo hata baharia angelisifu.

Uwanja ulijaa. Darasa la ushonaji lilikuwa limetoka lote. Refa akanyanyua mikono, kamba ikakaza, akapuliza. Nami nikageukia watazamaji, nikafungua kifua, nikaanza.

"Vuteni wangu vijana, kamba iko mikononi..."

Nyuma yangu nilimsikia yule msichana: "Bado... bado..." Maskini, hana la kusema, niliwaza. Nikaingia mstari wa pili kwa kishindo. Kabla sijafika kwenye mchanga, watu wakalipuka kwa makofi na mbinja. Nilipandwa na mori. Sijawahi kupigiwa makofi katikati ya ubeti. Nikaushusha mstari wa tatu polepole, kwa madaha, nikaupandisha wa nne, nikatanua mikono na kutoa ile "sasa!" mpaka njiwa wakaruka kwenye paa la maabara. Kisha nikageuka ili niione timu yangu ikivuta.

Haikuwepo.

Ilikuwa kule, ng'ambo ya chokaa, lundo moja la magoti na viwiko, na watu wa ng'ambo ya reli walikuwa tayari wanakung'uta suruali zao. Nilikuwa nimeumalizia ubeti wangu kwenye uwanja mtupu.

Raundi ya pili nilipunguza nikabakiza mistari miwili. Matokeo hayakuwa na tofauti, ila safari hii yaliwahi.

Stooni niliwakemea. Niliwaambia kwamba hawana nidhamu, kwamba hawakusubiri "sasa", kwamba timu isiyosikiliza nahodha wake ni mkusanyiko wa nyama tu. Nilikuwa nimefika mbali sana, nadhani nilikuwa nazungumzia historia ya binadamu, Tofali alipopasuka.

"Jamani, si tulimpa unahodha ili atoke kwenye kamba? Sasa mbona yuko nje na bado anatufanya tushindwe?"

Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kuhesabu majembe. Nikamtazama Nanga, nikingoja acheke, aseme kwamba Tofali ana utani.

"Ni kweli," Nanga alisema. "Ulipokuwa wa nne, nilikuwa nawavuta wao na nakuvuta na wewe."

"Mimi nilikuwa navuta!"

"Ulikuwa unavuta. Kisha unapata la kusema. Ukitaka kusema unalegeza mikono. Na la kusema hukosi."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kuyasikia kwake, na yote yalinihusu. Nilisimama. Nikaamua kukivua kitambaa na kukitupa miguuni pao, kwa dharau, kama ninavyojua kutupa vitu. Nilivuta. Nikavuta tena. Fundo lile, ambalo nililifunga kwa mkono wangu mwenyewe, safari hii lilikataa katakata kufunguka. Nikajaribu kwa meno. Wote wanane walinitazama kwa adabu nikitafuna mkono wangu. Mwishowe nikasema, "Najiuzulu," nikaondoka nacho.

Nilitembea polepole ili wapate nafasi ya kunikimbilia. Kufika kwenye bomba la maji nikainama nifunge kamba za viatu, maana nilidhani huenda hawajajipanga vizuri. Nilikuwa nimevaa kandambili. Hakuna aliyekuja.

Nyumbani dada alinikuta nimelala kifudifudi juu ya gunia la vyuma chakavu vya baba. Hakuniuliza kulikoni, alikuwa uwanjani.

"Kwa hiyo ulikuwa mzigo, wakakupandisha cheo," alisema nilipomaliza kusimulia.

"Nani kakuambia uweke hivyo?"

"Mbona ni kawaida, kaka? Mjomba si walimfanya msimamizi wa ghala ili asiendeshe tena lile gari lao? Mpaka leo anavaa tai." Akakaa ukingoni mwa gunia. "Haya niambie. Wakati wanaburutwa, nani aliteleza wa kwanza?"

"Sijui."

"Nanga alianguka upande gani?"

"Nitajuaje?"

"Ulikuwa unaangalia wapi?"

Nikazika uso kwenye gunia.

"Ulikuwa unatuangalia sisi," alisema dada. "Na sisi tulikuwa tunawaangalia wao. Uwanja mzima ni wewe tu ambaye hukuona."

Nikamfukuza. Nilimwambia aende akashone. Lakini maneno yale yalibaki yamenikaa kooni kama mfupa wa samaki, na usiku nilipojaribu kuwatungia wenzangu ubeti wa kuwalaani, vina vilikataa. Jambo lililoniuma halikuwa kushindwa. Nilitaka kitu kimoja tu, na nilikitaka kwa hasira: wanichague tena, na safari hii iwe kwa sababu wananihitaji.

Jumatatu nilikwenda uwanjani, nikasimama mbali kidogo, karibu na tangi, nikijifanya nakagua tangi. Walikuwa wanavuta nguzo. Nanga alikuwa anatoa sauti mwenyewe kutoka mwisho wa kamba, na kila akisema neno pumzi ilimkatika, na kila pumzi ikikatika kamba nzima ililegea. Baada ya muda wakaachia. Nanga akaniona.

"Umefuata nini?"

"Kitambaa hakifunguki."

"Basi kaa nacho."

Angeweza kugeuka aendelee na mambo yake. Hakugeuka. Nikajikaza, nikauliza:

"Mkiwa kwenye kamba mnaona nini?"

Wakatazamana.

"Kisogo," alisema mmoja.

"Kisogo cha huyu," Tofali alisema, "na kipele chake."

"Mimi naona visogo saba," Nanga alisema. "Halafu nikilala nyuma naona mawingu. Wapinzani siwaoni kabisa. Hakuna anayewaona. Macho unayo wewe peke yako." Akafikiri kidogo, kijiko kikajaa. "Na ulikuwa unayatumia kutafuta kupendwa."

Mwalimu wa Kilimo alikuwa amesimama nyuma yetu na funguo zake. "Mashindano ni Jumamosi," alisema. "Nusu fainali, nyinyi na hao hao wa ng'ambo ya reli. Mwacheni asimame mara hii moja. Tukimaliza, mtaamua upya kama ni yeye au ni mwingine, na mimi sitaki hotuba."

Wiki ile nilichuchumaa. Nilikula vumbi ambalo lingetosha kumwagia sakafu. Niliitazama miguu mpaka nikawa namtambua kila mmoja kwa visigino vyake. Nikagundua kwamba mtu kabla hajachoka mikono huanza kukuna chini kwa kisigino, akitafuta shimo jipya. Na timu inapobadilisha miguu, kwa kitambo kidogo sana, haina ardhi. Hapo ndipo pa kuwachukua. Yule msichana mfupi aliyechuchumaa hakuwa ameangusha sindano hata kidogo.

Ubeti wangu nikauchinja mwenyewe. Niliukata ukawa mistari miwili, nikaukata ukawa mmoja, nikaukata ukawa kipande, na kila nilipokata niliona kama nakata kidole cha mtoto wangu. Yalibaki maneno mawili. "Zama" ilikuwa ya kulala chini na kushikilia. "Ng'oa" ilikuwa ya kuvuta. Hayana vina. Nilijaribu kuwashawishi tuwe angalau na "zama" na "hama". Walikataa.

Jumamosi nilichuchumaa mkabala na yule msichana. Alinitazama, akatazama kaptura yangu iliyokwisha kujaa vumbi, akaguna.

Raundi ya kwanza tulishinda. Sina hakika nilikuwa nani dakika zile. "Zama... zama..." nilikuwa nasema, karibu kwa kunong'ona, na mtu wao wa pili akakuna chini kwa kisigino, na wa tatu akamfuata, nikasema "ng'oa!" na vijana wangu wakang'oa. Kitambaa chekundu cha katikati ya kamba kikatufuata kama mbwa anayemjua mwenye nyumba.

Raundi ya pili tulishindwa, na lawama zote nileteeni mimi. Ushindi ulinipanda kichwani. Niliruka juu, nikatanua mikono, na kabla sijajizuia nikasikia mdomo wangu unasema: "Vuteni wangu—" Nikaubana kwa viganja vyote viwili. Lakini wawili walikuwa wameshageuza shingo kunitazama kwa hofu, na watu wa ng'ambo ya reli hawakungoja wageuke tena.

Raundi ya tatu ikawa ya kukaa. Kamba haiendi huku, haiendi kule. Inalia tu. Jasho linadondoka, vumbi linatulia, watazamaji wamenyamaza. Nikasema zama. Nikasema zama tena. Mtu wao wa mbele miguu ilianza kumtetemeka. Kitambaa chekundu kikaanza kuja kwetu, kidogo, tena kidogo, kikabakiza unyayo mmoja. Yule msichana aliacha kuita, aliuma midomo. Nilijua kwamba "ng'oa" moja ingetosha. Nilikuwa nayo tayari ulimini, tamu, ina uzito. Kwa mazoea ya wiki ile, kabla ya kuitoa, nikapitisha macho kwenye miguu yetu, kuanzia wa mbele mpaka wa mwisho.

Miguu ya Nanga haikuwa inakanyaga.

Alikuwa ameanguka akalala ubavu, mkono mmoja umebanwa chini yake, na kamba ilikuwa imeteleza kutoka begani ikapanda shingoni. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Hakupiga kelele kwa sababu hakuwa na pa kupitishia kelele. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Mbele yake palikuwa na visogo saba, na kisogo hakioni.

Alikuwa ananitazama mimi. Sitasema uongo, alitikisa kichwa. Alikuwa ananiambia niite ile "ng'oa".

"Wawili wa nyuma, achieni!" nilipiga kelele. "Mnyanyueni Nanga! Wengine mbele! Tembeeni mbele!"

Hiyo si amri. Hakuna mchezo wa kuvuta kamba duniani wenye amri hiyo. Unyayo mmoja umebaki, na nahodha anaiambia timu yake itembee kuelekea kwa adui. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia, nikiamini kwamba hakuna atakayenisikiliza, kwa nini wanisikilize? Lakini miguu ile, ninayoijua kwa visigino, ilitembea. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, Tofali. Walitembea mbele wameshika kamba kama watu waliopanga foleni ya chakula. Watu wa ng'ambo ya reli, waliokuwa wanavuta kwa roho zao zote, ghafla walikosa wa kumvuta, wakaanguka chali wote, soli juu. Wawili wa nyuma walimbeba Nanga kwapani. Nami nikaishika kamba kwa mikono yangu, jambo ambalo mtoa sauti haruhusiwi, nikaipitisha juu ya kichwa chake.

Refa akapuliza. Tulikuwa tumeshindwa kwa namna mbili tofauti kwa wakati mmoja.

Watazamaji walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilimwona dada yangu katikati yao. Hakuwa anacheka, alikuwa amejishika shingo.

"Tulikuwa tumebakiza unyayo!" Tofali alikuja amenikunjia ngumi. "Unyayo! Umelogwa? Unatupeleka mbele, mbele wapi? Sisi ni kondoo?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na majibu ya aina nne, mawili kati yake yana vina. Nikamshika Tofali mabega, nikamgeuza.

Nanga alikuwa amekaa chini, anavuta pumzi kama mtu anayekunywa maji ya moto. Shingoni alikuwa na alama nyekundu, pana, imechorwa sikio kwa sikio. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala pajani kama si wake. Tofali alitazama alama ile. Ngumi ikafunguka taratibu, na kile kiganja cha sepetu akakipitisha shingoni kwake mwenyewe.

Nesi wa mashindano alikuwa kwenye hema, mwanamke mwenye mkono mwepesi na ulimi mkali. Alimfunga Nanga mkono kifuani. "Bega limeteguka kidogo, litarudi. Kamba usiishike mpaka nikuambie. Na shingo mshukuruni Mungu, na yeyote aliyekuwa anatazama." Kisha akatuambia tutoke, tunampunguzia mgonjwa hewa. Hatukutoka.

Mwalimu wa Kilimo aliingia akainama mlangoni. "Kuna mechi nyingine Jumamosi ijayo, ya kutafuta mshindi wa tatu," alisema. "Nilisema mtaamua upya. Haya. Ni yeye au ni mwingine?"

Hotuba ilikuwa imeshanifika kwenye meno. Niliyauma. Nilitazama turubai la hema, mahali liliposhonwa vibaya, nikasubiri.

"Mimi nilimsikiliza," Tofali alisema. "Sijui kwa nini. Alisema mbele, miguu ikaenda."

"Hata yangu," alisema mwingine. "Nilikuwa namtukana huku natembea."

"Kitambaa kibaki kwake," Nanga alisema. Sauti ilikuwa mikwaruzo mitupu. "Nilimwambia aite. Akakataa. Nahodha ni huyo."

Nikaona hema linaelea. Nilikuwa tayari kwa machozi, kwa kukumbatiwa, hata kwa kubebwa juu juu. Ndipo mmoja wao akasema lile ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Lakini Nanga hayupo. Kwenye kamba tumebaki saba."

Kisha, mmoja mmoja, wakageuka kunitazama, na nikaona hofu ya zamani inapita usoni kwa kila mmoja, ile ile, bila kuruka mtu. Tofali alizitazama kandambili zangu, akafumba macho.

"Nitatoa sauti mimi," Nanga alisema.

"Kwa koo hilo?" nikauliza.

"Si umeyapunguza yakabaki maneno mawili? Hayo nitayaweza." Alijisogeza akakaa sawa, uso ukakunjamana kwa maumivu. "Nahodha ni wewe. Mimi nitakuwa mdomo tu. Wewe utashika kamba."

"Atashika kamba," Tofali alirudia, kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu.

"Ila aahidi," alisema Nanga. "Hapa, mbele ya wote. Ajue mwenyewe cha kuahidi."

Nesi aliacha kukunja bendeji ili asikie. Nilisimama, nikautazama ule mkono uliofungwa kifuani, kisha nikamtazama Nanga machoni.

"Nakuahidi, ndugu yangu," nilisema, "nitavuta mpaka refa apulize, na kati ya hapo hutasikia kutoka kwangu hata silabi moja."